Nafasi ya Tatu kwenye Kaseti ya Bi Nyamizi

Hapo zamani, na usiniulize zamani ipi, ni ile ya juzijuzi ambayo vijana wanaiona ya Nuhu, gemu lilikaa ndani ya kaseti. Si kaseti ya muziki, wewe! Kaseti ya plastiki, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Unaichomeka kwenye mdomo wa mashine, televisheni inawaka, na ugali wako jikoni unaungua.

Basi hapo Tabora palikuwa na mjane, Bi Nyamizi. Marehemu mumewe, Mzee Katabi, alikuwa mpiga filimbi wa gari moshi. Alipostaafu akajitia vitani na joka la kwenye kaseti. Kila Ijumaa mchana anapigana, miaka ishirini na miwili. Mwisho akafika mlangoni kwa joka, akahifadhi mchezo wake, akasema, "Wiki ijayo namtoa roho." Wiki ijayo haikumkuta.

Kaseti ile ilikuwa na nafasi tatu za majina. Ya kwanza: KATABI, yuko mlangoni kwa joka. Ya pili: NYAMIZI. Hilo mzee aliliandika kwa mkono wake, siku mkewe alipojaribu akazama kwenye kijito cha kwanza kabisa. Ya tatu ilikuwa tupu.

Siku moja umeme ukakatika, ukarudi na hasira, mashine ikafuka moshi. Mpwa wa Bi Nyamizi akatuma nyingine kutoka ng'ambo. Loo! Mdomo wake ukaikataa kaseti. Tena fundi mmoja akamwambia kwamba jina la mzee linalindwa na betri ndogo ndani ya kaseti, na betri ya umri ule inachungulia kaburi. Ikizimika, jina limefutika. Bi Nyamizi akalia kama aliyefiwa mara ya pili.

Akatangaza, "Atakayeniwezesha kuliona jina la mume wangu, lake nitaliandika nafasi ya tatu. Na kila Ijumaa atakaa kiti cha marehemu, atacheza, atakula wali kwa kuku."

Wali ule, ndugu zangu, mtaa mzima uliujua kwa harufu.

Akaja Lugwisha, fundi redio, mtu wa maneno mengi. Akaifungua mashine, akakuta meno mawili ya plastiki mdomoni, yamewekwa makusudi kuzuia kaseti za nchi nyingine. Akayakata kwa msumeno. Ndani akakuta kidude cheusi chenye miguu, kazi yake kukagua kila kaseti inayoingia na kuzifukuza za kigeni.

"Kumbe wewe ni askari wa mpakani!" akasema Lugwisha, akamkata mguu mmoja kwa koleo. Askari akanyamaza.

Je, jina lilionekana? Halikuonekana, maana alipotaka kuchomeka kaseti alisikia, "Thubutu!"

Ni Siwema huyo, fundi simu, ndiye aliyetoa habari za betri. Betri mpya anayo. Lakini ukitoa ya zamani, kaseti inasahau yote papo hapo. Basi akaunganisha kwa nyaya betri ya pembeni, ili kaseti inywe umeme huku wakati kule panabadilishwa. Kazi ya mkono mtulivu. Na siku hiyo, kwa bahati yake, kwikwi ilikuwa imemshika tangu asubuhi.

"Kwi!" anainua chuma cha kulehemu. Kimya, analehemu. "Kwi!" anainua. Bi Nyamizi kajifunika kanga usoni. Lugwisha anasali, na si mtu wa kusali. Akamaliza bila waya hata mmoja kuchomoka.

Je, jina lilionekana? Halikuonekana! Wakachomeka, wakawasha, kioo kikawa cha kijivu. Lugwisha akapiga mashine kofi. Kijivu. Siwema akasugua meno ya shaba ya kaseti kwa spiriti. Kijivu.

Ndipo akaingia Mzee Kulwa, jirani, rafiki wa marehemu. Kazi yake kila Ijumaa ilikuwa moja: kupuliza kaseti. Zamani zile kila mtu alipuliza, sheikh alipuliza, mwalimu alipuliza, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Nipeni," akasema.

"Babu, usipulize!" akalia Siwema. "Hayo mate yako ndiyo yaliyotia kutu!"

Mzee Kulwa akaivuta kaseti, akajaza mashavu. Fuuuuu! Akachomeka.

Jina likaonekana. KATABI, mlangoni kwa joka, upanga mkononi. Bi Nyamizi akakigusa kioo, akasema, "Yupo." Wote wanne wakalia, hata Lugwisha, aliyesingizia moshi wa kulehemu.

Wakaanza kugombana kabla machozi hayajakauka.

"Mama, nafasi ni yangu," akasema Lugwisha. "Bila mimi kaseti ingechomekwa wapi? Puani?"

"Mama, ni yangu," akasema Siwema. "Bila mimi wangekuonyesha kaseti tupu. Jina la mzee nimelivusha mimi, na kwikwi juu. Spiriti nayo ilikuwa haijakauka tu, mashine ingeonyesha yenyewe."

"Shemeji," akasema Mzee Kulwa taratibu, "kutu ni yangu, sikatai. Lakini nyie mmewasha mara tatu, mimi mara moja. Na miaka ishirini na miwili nimepuliza, sijawahi kushika pedi ya kuchezea hata siku moja. Katabi alikuwa akisema, 'Wiki ijayo zamu yako.' Tangu afe, Ijumaa nakula mihogo peke yangu."

Lugwisha akasema basi wagawane nafasi. Wakajaribu. Kaseti inapokea herufi nane tu, na Lugwisha peke yake ni nane, na hakubali kupunguzwa hata moja.

"Basi futa la kwako, mama, la kijitoni," akasema Siwema.

"Hilo aliliandika yeye," akasema Bi Nyamizi.

Akainuka kwenda kupakua wali. Akasema akirudi anataka kuona jina moja limeandikwa, na huyo ndiye atakayeanza safari ya kumwendea joka. Watatu wakabaki wameikamata pedi moja.

Haya, nyinyi mnaocheka, sahani inakuja. Aliyefungua mdomo, aliyelinda jina, au aliyelitia kutu kisha akalipulizia uhai? Je, yupi kati yao mngemwachia pedi?