Pimbi na Picha ya Mgongo wa Fisi

Hodi, wenye masikio!
– Karibu, mwenye mdomo!
Nimebeba uongo mbichi.
– Umwage, tuule!

Hapo kale alikuwapo Pimbi, mpiga picha, mwenye studio yake mwambani. Pimbi alikuwa na mtazamo wake: hapigi uso.

"Uso unajipamba," alisema. "Mgongo haujui kujipamba."

Basi mteja anageukia mwamba, anapigwa mgongoni, kacha!

Alikuwa na wenzake wawili wa kazi, Kinyonga na Kobe. Kila alasiri walikuja kumkosoa. Kinyonga akisema mwanga mwingi, Kobe anasema mwanga haba. Hawakuwahi kukubaliana hata picha moja. Walimchosha, jamani, walimchosha hasa!

Siku moja Fisi akaingia, tindi! tindi!

"Pimbi, leo nakutafuna."

Pimbi roho ikamruka. Akasema, "Shikamoo, mzee. Nitafune tu. Lakini nikishaliwa, nani atakupiga picha? Mkubwa kama wewe, ufe bila picha?"

Fisi na tamaa yake akataka vyote, picha na nyama. "Nipige upesi, kisha nikule."

"Upesi sana, mzee. Wenzangu wakikubaliana tu, napiga, nawe unanila. Geukia mwamba. Usitikisike!"

Fisi akageuka. Pimbi akajipenyeza na kamera yake kwenye ufa wa jiwe la nyuma. Mara wenzake hao, wamefika. Hatari hawakuiona, waliona picha tu.

"Mwanga mwingi," akasema Kinyonga. "Asogee kushoto."

Fisi akasogea kushoto.

"Mwanga haba," akasema Kobe. "Asogee kulia."

Fisi akasogea kulia.

"Kushoto!"

"Kulia!"

Tumbo la Fisi, guru, guru! "Bado?"

"Bado kidogo, mzee," akajibu Pimbi ufani.

Wakabishana siku ya kwanza. Wakabishana siku ya pili. Siku ya tatu Fisi magoti yakamlegea, akalia, "Basi! Sitaki picha, sitaki nyama!" Akaondoka akipepesuka, mkia katikati ya miguu.

Kacha!

Kinyonga akaitazama ile picha. Kobe akaitazama.

"Hii sawa," akasema Kinyonga.

"Sawa kabisa," akasema Kobe.

Pimbi akalia kwa furaha. Fisi keshavuka kilima.

Uongo wangu umeisha, asiyeshiba aongeze wa kwake. Na funzo lake, wanangu: mpiga picha anayetaka kuishi maisha marefu asiwe na mtazamo wake, na wenzake wakija kumkosoa awafungie mlango.