Ndala Iliyotoboa Karatasi

"Wino hautoboi karatasi, ndala ndiyo hutoboa."

Shangazi Mbuke aliyasema hayo akipita tu na ungo wake wa karanga, alipomwona Kwandu anafuta tena alichokwisha kukiandika. Wenzake shuleni walimtaka Kwandu aandike kisa cha kusomwa siku ya kufunga shule, na tangu asubuhi alikuwa hajavuka kichwa cha habari. Mdogo wake, Bugumba, akacheka.

"Shangazi, ndala na karatasi wapi na wapi? Kuna mtu aliikanyaga?"

"Nimenyeeni karanga hizi, niwaambie msemo huu kwao ni wapi. Ulizaliwa hapahapa Mwabulenga, mimi nikiwa msichana, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi."

Zamani hizo ukuta wa ghala la pamba ulikuwa na ubao, na kila mwezi ubaoni ilibandikwa karatasi moja ya manila. Hilo ndilo lililokuwa gazeti la kijiji. Mwandishi wake aliitwa Holo, mke wa fundi baiskeli, aliyeishia darasa la saba. Hakuna aliyemchagua. Mwandishi wa kwanza alihama, Holo alikuwa na mwandiko mzuri, basi. Lakini aliipenda kazi ile kuliko alivyothubutu kusema. Nyumbani alikuwa mama fulani, sokoni alikuwa mke wa fulani. Pale ukutani, chini kabisa ya karatasi alipotia jina lake, ndipo mahali pekee alipokuwa Holo.

Mwezi mmoja aliandika habari za mvua ya mawe, jinsi matone yanavyorushwa juu kwenye baridi kali mpaka yanakuwa barafu. Watu walisoma wakabishana hadi wauza dagaa wakafunga meza zao. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana sasa kila mtu alijua anachotaka kusoma mwezi ujao, isipokuwa Holo mwenyewe.

Mwalimu Nkwabi alimsimamisha kisimani. "Umefungua mlango, usiufunge. Safari hii tueleze kwa nini tunaiona radi kwanza, ngurumo ikafuata nyuma."

Holo akaitika. Hajafika nyumbani, akaitwa na Sayi mshona nguo, pini amezibana midomoni.

"Wifi, mawe ya mvua yametosha. Tuandikie mapenzi. Halafu mmoja afe, tusijue kauawa na nani."

"Na akishakufa, mapenzi yataendeleaje?"

"Hiyo kazi yako. Mimi yangu kusoma."

Akaitika pia. Mwezi ule ukapita na ubao ukabaki na misumari mitupu. Mzee Luhende, katibu wa ushirika na mwenye ufunguo wa ghala, akamwita pembeni. Hakugomba. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya pamba.

"Binti yangu, ukuta haulali njaa. Usipoulisha wewe, Shija mwenye duka atakuja kuulisha na matangazo yake ya dawa ya meno. Ameshaniomba. Siku ya mnada ikikuta ubao mtupu, nampa yeye."

Karatasi ya manila ilikuwa imebaki moja, na barabara ya kwenda mjini mvua ilikuwa imeikata. Holo aliitandaza juu ya meza ya mumewe, akasukuma spana pembeni, akachonga penseli. Desturi yake ilikuwa aandike kwa penseli kwanza, akubaliane na moyo wake, ndipo apitishe wino.

Moyo haukukubaliana na kitu. Aliandika *Radi*, akamwona kwa mawazo Sayi anapiga miayo. Akafuta. Aliandika *Zawadi ya Mpenzi*, akamwona Mwalimu Nkwabi anapita bila kugeuza shingo. Akafuta. Alijaribu funza wa pamba ili kumridhisha katibu, akakumbuka kwamba funza wa pamba kila mtu anamjua kwa sura na kwa jina. Mara akafikiri amuue mpenzi kwa radi, apatanishe pande zote, lakini maiti ya namna hiyo muuaji wake ni nani? Kila wazo lilikuwa zuri mpaka alipolitazama. Ufutio ukaisha mkononi. Akavua ndala ya kushoto, akakata kipande cha kisigino kwa kisu, kama walivyofanya shuleni, akaendelea kufuta kwa hicho.

Kesho yake, jioni ya kuamkia mnada, aliibandika karatasi ubaoni ikiwa bado nyeupe, akidhani kwamba akisimama pale wasomaji wanaposimama, neno litamjia. Likaja neno. Hakulipenda. Akalisugua kwa kile kipande cha ndala, karatasi ikatoboka, na kidole chake kikagusa ubao.

Alikuwa bado anakitazama kidole hicho Bibi Ngolo alipofika. Bibi huyo alijifunza kusoma uzeeni, katika kisomo cha watu wazima, na alikuwa anasoma polepole, neno moja kwa kidole.

"Nimewahi leo," alisema. "Kesho watanisukuma nisimalize. Haya, tumeandikiwa nini?" Kisha akaliona tundu. "Maskini. Nani kaitoboa?"

Holo akakificha kipande cha ndala kiganjani.

"Panya huyu," alisema Bibi Ngolo. Akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. "Hapana. Panya huacha meno. Mchwa? Mchwa hawezi kupita bila udongo wake. Sasa nani?" Akainama akachungulia kwa chini. Akazunguka akachungulia kwa upande. "Haiwezekani karatasi ijitoboe yenyewe. Mwanangu, hutaki kujua?"

Jua likazidi kushuka na bibi hakuondoka. Holo akamwangalia. Mtu aliyekuja kusoma alikuwa amesahau kwamba hakuna alichoandikiwa, na bado alikuwa anasoma.

"Bibi, kesho utajua," alisema Holo.

Akachukua kalamu ya wino. Penseli hakuigusa, maana karatasi isingevumilia kufutwa tena. Alianzia pembeni mwa tundu: *Karatasi hii imetobolewa mchana kweupe, na aliyeitoboa yumo kijijini.* Akamshuku panya, akaeleza kwamba meno ya panya hukua maisha yake yote ndiyo maana lazima atafune. Akamwachia. Akamshuku mchwa anayeogopa mwanga. Akamwachia naye. Akaeleza kwamba karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana, na kwamba ukizisugua mno huachana, kama wapendanao wanaosumbuliwa na ndugu. Alikosea mahali pawili, akakata kwa mstari akaendelea. Chini kabisa aliandika: *Anayefanya hivi yuko nanyi hapa. Tazameni visigino vya ndala.*

Siku ya mnada watu walijaa mbele ya ghala. Sayi alisoma kwa sauti, na alipofika mwisho kila mtu akainamia miguu ya jirani yake. Mwalimu Nkwabi alivua kiatu akakionyesha bila kuombwa. Shija naye alikuwa amekuja na matangazo yake kwapani. Aliyaweka chini vumbini, akainua mguu ili akague kisigino chake mwenyewe. Mzee Luhende, aliyekuwa ameshatoa ufunguo wa ghala ili amtolee nyundo, akamtazama, akaurudisha mfukoni.

Bibi Ngolo ndiye aliyemaliza kusoma wa mwisho. Kidole chake kilifika kwenye *visigino* wenzake walipokwisha kusambaa wakishukiana. Akageuka. Holo alikuwa nyuma yake, na ndala ya kushoto ilikuwa na pengo.

"Kumbe wewe."

"Ni mimi, bibi."

"Nami nimemsingizia panya wa watu." Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akagusa maandishi yaliyolizunguka tundu. Wino ulikuwa umekolea, na pale ulipopita karatasi ilikuwa nzima. "Tazama basi. Wino hautoboi karatasi. Ndala ndiyo hutoboa."

"Na mwezi uliofuata, aliandika nini?" Kwandu aliuliza.

"Alichanganyikiwa tena, tena sana. Kila siku alikuja kwetu kumlalamikia mama. Ila alikuwa anachanganyikiwa kalamu ikitembea."

Bugumba alichungulia daftari la dada yake. Katikati ya ukurasa palikuwa pamelika kwa kufutwa, panakaribia kupenya mwanga. Kwandu akautazama ufutio wake kitambo, akautumbukiza kwenye maganda ya karanga.

"Shangazi, na kama nikikosea?"

"Utakata kwa mstari," alisema Shangazi Mbuke, akipeta. "Wino hautoboi karatasi, mwanangu. Ndala ndiyo hutoboa."