Goti la Vuai Mrusha Tufe

Hapo zamani, katika siku ambazo kila mji wa pwani ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na siwa yake, pembe ya enzi, palikuwa na miji miwili jirani, Mwambakuu na Fundombe, na baina yao kisima kimoja cha maji matamu. Kisima hicho hakikutosha miji miwili wakati wa kiangazi. Basi wakubwa wao wa kale wakapatana kisigombewe kwa panga, bali kwa mchezo wa tufe, mara moja kila mwaka: mji utakaoshinda uteke asubuhi, maji yakiwa safi, na utakaoshindwa uteke jioni, maji yakiwa matope.

Tufe lilisukwa kwa ukindu na kujazwa sufi. Mtu mmoja, aitwaye mrushaji, husimama nyuma akalirusha juu ya vichwa vya watu, na wenziwe hukimbia wakalidaka na kulipitisha katikati ya milingoti miwili ya upande wa pili. Na mrushaji wa Mwambakuu alikuwa Vuai bin Mkadara, ambaye mkono wake ulikuwa hauna mfano. Kwa miaka mitano mfululizo watu wa Mwambakuu walikunywa maji safi kwa ajili ya mkono ule.

Ikawa siku moja askari wa Sultani wa Mwambakuu walikuwa wakimtangulia Waziri njiani, wakipiga kelele, "Simile! Simile!" Na njiani alikuwapo Bwana Nasibu, mshona makubazi, ambaye ni kiziwi tangu utoto. Hakusikia, hakupisha. Wale askari wakampiga marungu hata wakamvunja nyonga, wakamwacha hapo, wakaenda zao. Wala hakuwa wa kwanza kupigwa hivyo, ila watu walinyamaza, kwa kuwa marungu hayabagui mgongo.

Basi siku ya mchezo siwa ikapulizwa kumtukuza Sultani, na watu wote wakasimama wima kama ilivyo desturi. Vuai peke yake akapiga goti mchangani, akainamisha kichwa, asiseme neno. Siwa iliponyamaza akainuka, akacheza, akashinda. Lakini Waziri alikuwa amekwisha kumwinamia Sultani Muhadhari sikioni, akamwambia, "Bwana wangu, mtu yule amekudharau mbele ya wageni."

Sultani akaghadhibika, na kesho yake mbiu ya mgambo ikalia mji mzima: "Apigaye goti mbele ya Sultani amemvunjia heshima! Vuai asishike tufe tena!"

Mji ukagawanyika. Huyu husema, "Mkono kama ule hauachwi." Yule husema, "Mkono mzuri, lakini goti lake baya." Wa tatu, aliyekuwa akila kwa Waziri, husema, "Hata mkono wenyewe umekwisha, hamkuona?" Vuai akaenda kutaka kurusha kwa masultani wengine, na kila mmoja akamsifu, akamlisha wali kwa kitoweo, akamwambia njia ya kurudi kwao.

Mahali pake akawekwa Seifu, mpwa wa Waziri. Siku ya kwanza ya mazoezi Seifu alirusha tufe mbele likaenda nyuma, likamwangusha Kadhi kilemba. Siku ya pili Kadhi hakuja.

Na palikuwa na maskini mmoja, jina lake Pandu Tambara, kazi yake kuamia ndege katika mashamba ya mpunga ya watu. Hakuwa na kitu ila kombeo na ulimi. Alipoona siku ya mchezo inakaribia, akasema moyoni, "Kwa mkono wa Seifu tutakunywa matope hata mvua za masika," akaenda barazani kwa Sultani.

Walioingia kabla yake wote walipiga goti, maana ndiyo ilikuwa adabu ya barazani tangu enzi za mababu. Pandu akaingia, akasimama kama mlingoti.

Waziri akamkemea, "Piga goti, mwanaharamu wewe!"

"Sithubutu, bwana Waziri," akajibu Pandu. "Mimi ni mtu mtiifu. Mbiu ya mgambo nimeisikia kwa masikio yangu, kwamba apigaye goti mbele ya Sultani amemvunjia heshima. Nami nina shingo moja tu."

Basi wale waliopiga goti wakaingiwa na hofu. Mmoja akainuka upesi. Mwingine akamwona Waziri anavyomtazama, akarudi chini. Kadhi, mtu mzito, akabaki katikati, si wa kukaa wala wa kusimama, hata miguu ikamtetemeka, akashikwa na watu wawili.

Sultani akasema kwa hasira, "Ewe mtu wa ndege! Umekuja kumtetea Vuai. Basi sikiliza. Nataka uniletee mrushaji mwingine Ijumaa, siku ya mchezo. Asiwe mwenye kupiga goti. Asiwe na neno kinywani. Asiwe na kinyongo na askari wangu hata mmoja. Akisimamishwa, asimame. Usipomleta, utatoka Mwambakuu usirudi."

"Nikimleta, atacheza?"

"Utakayemleta ndiye atakayecheza, wallahi, wala hatatolewa."

"Na kama hajui kurusha, ee Maulana?"

Sultani akapiga mkono juu ya kiti chake. "Kurusha si kitu! Adabu kwanza!"

"Nimesikia na kutii," akasema Pandu, akatoka kwa kurudi kinyumenyume, wima vilevile.

Ijumaa ikafika, uwanja ukajaa. Sultani wa Fundombe akaketi na watu wake upande wa pili, chini ya hema. Ndipo akaja Pandu, amebeba begani sanamu lake la kutishia ndege, la fito na majani makavu ya mpunga, kichwa chake kibuyu, amelivika kanzu nyeupe na kofia. Akalisimamisha mahali pa mrushaji, akalikandamiza mchangani.

"Nini hicho?" akauliza Sultani.

"Mrushaji wako, Bwana. Magoti hana. Neno hana. Kinyongo na askari wako hana. Akisimamishwa, husimama."

Waziri akataka kusema, lakini kiapo kilikuwa kimeliwa mbele ya Kadhi, na Kadhi, ambaye miguu ilikuwa ingali ikimuuma, akasema, "Kiapo ni kiapo."

Siwa ikapulizwa. Sanamu likasimama vizuri kuliko watu wote.

Kisha mchezo ukaanza. Wachezaji wa Mwambakuu wakalitupia sanamu tufe ili lirushe, tufe likaligonga kifuani, likaanguka. Watu wa Fundombe wakaliokota, wakaenda kulipitisha kwenye milingoti. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu mchezaji mmoja wa Fundombe alisimama kwanza akalipa sanamu mkono wa pole, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kunguru akaja, akatua juu ya kofia. Sultani wa Fundombe akamtuma mjumbe kusema, "Mtu wenu ana adabu sana. Tungependa acheze kila mwaka."

Sultani Muhadhari akafura. "Pandu! Mtoe huyu!"

"Kwa kosa gani, Bwana wangu? Amepiga goti?"

"La."

"Amesema neno?"

"La! Lakini harushi!"

"Ee Maulana, kurusha si kitu."

Sultani akageuza uso. Akawatazama wanawake wa Mwambakuu waliokaa na mitungi yao mitupu ukingoni mwa uwanja, akawaona hawacheki. Akasema taratibu, "Nitafunga siku tatu, kafara ya kiapo changu. Mwiteni Vuai."

Vuai akaja kutoka katikati ya watu. Akasalimu, akasema, "Nitarusha, Bwana. Lakini siwa ikipulizwa nitapiga goti tena. Mwenzangu Nasibu hajasimama bado."

Sultani akauliza, "Nasibu ni nani?"

Mwaka mzima watu walikuwa wamebishana juu ya goti lile, mabarazani na misikitini, na Sultani hakuwa ameuliza hata siku moja lilipigwa kwa ajili gani. Akamgeukia Waziri. Waziri akaanza kukitengeneza kilemba chake, ambacho hakikuwa na kosa.

Basi Vuai akaeleza yote, na mtu mmoja akasimama akasema la kwake, na mwanamke mmoja akasema la mumewe, hata wakawa kumi na watatu. Sultani akasikiliza akiwa ameinamisha uso. Kisha akawaamuru askari waweke marungu yao chini palepale, mbele ya wageni, akamwambia Waziri, "Vua joho. Utamhudumia Nasibu kwa mikono yako hata atakapokuambia basi."

Siwa ikapulizwa mara ya pili. Vuai akapiga goti. Watu wakamtazama Sultani, na Sultani akasema, "Mnanitazama nini? Chezeni, jua linakwenda."

Tufe la kwanza la Vuai lilianguka karibu, maana mkono ulikuwa umelala mwaka mzima, na Seifu akacheka. La pili likafika. La tatu na la nne watu wa Fundombe waliliona kivuli tu, na jua lilipozama Mwambakuu walikuwa wameshinda kwa moja.

Sultani akamwita Pandu, akamwambia, "Kiti cha Waziri kiko wazi. Kaa."

Pandu akakitazama kile kiti, akatikisa kichwa. "Ee Bwana, hakinifai. Mimi nimezoea nikiona ndege napiga kelele, 'Ndege!' Na waziri akiona ndege hukuambia ni wingu zuri, tena linakupendeza."

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, akampa joho la Waziri, shamba la mpunga la peke yake, na amri moja: kila apitapo barazani akiona ndege apige kelele. Na Pandu alikuwa mtu mtiifu. Alipiga kelele hata Sultani akaomba kupumzika siku za Ijumaa.