Kindi, Mchi na Taya za Kiboko

"Wasikilizaji, mpo?"

"Tupo, na masikio tumekuja nayo!"

"Yashikeni basi, yasije yakazibwa tope."

Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi (si saa tatu kamili, msije mkanibishia), Kiboko alipolala kwenye njia pekee ya bwawani na kupanua mdomo. Kiangazi kilikuwa kikali. Mwenye kiu apite kati ya taya zake. Na taya zenyewe nzito: zikipanda hazikai, hushuka zenyewe. Pwaa! Kidogo tu, kpa! Swala akapita, kpa! Ukabaki mkia. Ngiri akapita, kpa! Zikabaki kwato.

Watoto wa Kindi ndimi zilikuwa zimewakauka. Kindi akaja na kibuyu na mchi wake wa kutwangia.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, kitoweo. Mbona umechelewa?"

Kindi alikuwa anasikiliza. Pwaa! Kidogo tu, kpa! Moyo ukamruka. Muda ule aliujua! Kwao walitwanga watatu kinu kimoja, kwa kupokezana: twi, twi, twi. Toka mchi wa dada yake utue mpaka wake ushuke, nafasi ilikuwa ileile. Ukikosea, michi inagongana, na wenzako wanakucheka mpaka jioni.

Pwaa! Akaingia, akatokea upande wa bwawa. Kpa! Kiboko akauma hewa.

"Nimekuona unatega sikio!" akafoka. "Wakati hukaa masikioni, mimi najua. Nitayaziba, kisha urudi. Ukipita, bwawa ni la wote. Usipopita, nakula wewe, halafu wanao."

Akamziba kwa tope, tii! Kindi hakusikia hata mbu.

Akajaza kibuyu. Akautazama mdomo ukipanda kimya, ukishuka kimya. Ukapanda tena, na kifuani mwake akasema: twi... twi! Ukashuka palepale. Kumbe masikio yalipokuwa yakifundishwa kinuni, macho nayo yalikuwa yakisoma bure!

Mdomo ukapanda. Kindi akaruka ndani, akausimamisha mchi juu ya ulimi, akatoka na maji yake. Taya zikashuka juu ya mchi. Kwaa! Zikakwama.

"Oa! Oa wichi!" Kiboko akalia. Alitaka kusema "Toa mchi," ila mdomo haufungi.

"Unasemaje, mzee? Sisikii. Nimezibwa masikio."

Wanyama wote wakapita juu ya ulimi wake, mmoja mmoja, kwa adabu. "Shikamoo, mzee." "Shikamoo, mzee." Wakanywa wakashiba. Ndipo Kindi akauchomoa mchi, na Kiboko akaenda zake, taya zikimuuma.

Funzo? Watoto, msijisumbue kujifunza kutwanga. Haisaidii popote nje ya kinu.

Na Kindi? Asubuhi ya Jumatano alishika mchi wake wenye alama za meno, tope bado masikioni, akatwanga na dada zake. Michi haikugongana hata mara moja.

Maji ni yetu, tope mchukue nyinyi. Hadithi imekunywa, imelala.