Hewani Kila Drili ni Dume

Hewani kila drili ni dume. Mmemsikia seremala akimwambia hivyo mteja pale dukani, mkacheka, halafu mmekuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, tena si zamani. Aliyeizaa yu hai, na mapazia ya nyumba hii kashona yeye.

Sekela alikuwa fundi mapazia hapahapa Tukuyu. Kwa upande wa kitambaa hakuna aliyeweza kumdanganya. Alikivuta, akakikunja ngumini, kisha akachomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Ukiwa jivu ni pamba, ukiyeyuka ni nailoni, na muuzaji aseme atakalo. Lakini yeye alishona tu. Kutundika alimwachia fundi mwingine, na fundi huyo alichelewa kila mara, lawama zote zikamwangukia Sekela.

Siku moja Mama Subilaga, aliyekuwa akimalizia nyumba yake ya wageni, akampa kazi ya madirisha ishirini, kushona na kutundika. Wageni wa kwanza walitarajiwa Jumamosi. Alimwambia wazi kwamba mambo yakienda vizuri, kazi ya nyumba yake ya pili nayo atapewa yeye. Yakikwama, ataita fundi kutoka Mbeya. Sekela akauza cherehani chake cha pili, kile alichoachiwa na marehemu mama yake, ili anunue drili ya betri ya kutobolea kuta. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Akaenda kwa Mzee Ambilikile, muuza vifaa vya ujenzi. Drili zilizolingana na mfuko wake zilikuwa za aina mbili, bei ileile. Moja ilikuwa nyekundu, kubwa, imelala ndani ya sanduku la kupendeza pamoja na betri mbili na biti thelathini, vile vyuma vya kutobolea, zilizopangwa kwa safu, na ubavuni imeandikwa namba kubwa ya volti. Nyingine ilikuwa ndogo, ya rangi ya majivu, ina betri moja, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki tu. Mzee akaibonyeza ile nyekundu hewani. Ikavuma mpaka mabati ya duka yakaitikia. Akaibonyeza ile ndogo, nayo ikanung'unika.

"Chukua nyekundu, dada," akasema Gwakisa, seremala mmoja aliyekuwa akinunua misumari. "Hiyo dume."

Mlangoni palikuwa na bonge la zege la kuzuia mlango usijifunge. Sekela alilitazama. Ilimjia aombe kutoboa pale kidogo tu, lakini akaona haya. Mshona mapazia awafundishe mafundi wa kiume kupima drili? Akalipa, akaondoka na nyekundu. Yule aliyechoma nyuzi maisha yake yote, siku hiyo alinunua kwa masikio.

Alhamisi asubuhi akapanda ngazi kwenye dirisha la kwanza. Juu ya kila dirisha pana mkanda wa zege, na humo ndimo zinamoingia skrubu za fimbo ya pazia. Akafunga biti ya zege, akabonyeza. Drili ikavuma vilevile kama dukani. Ilipogusa ukuta ikakohoa, ikajikokota, ikasimama. Akabadili betri, mambo yakawa yaleyale. Akaiegemea kwa mwili mzima, na hapo moshi ukatoka na harufu ya plastiki inayoungua. Ukutani palibaki kidoa kidogo kama kovu la ndui.

Mama Subilaga alikuwa amesimama chini. "Sekela mwanangu, ndiyo unaanza au umemaliza?"

"Naanza, mama," akajibu, akishuka ngazi na drili mkononi. Hakuamini macho yake. Cherehani cha mama yake kilikuwa kimeondoka, na alichopata ni kile kidoa.

Alirudi dukani na sanduku lake. Gwakisa alikuwapo, pamoja na mafundi wengine wawili watatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na sanduku?"

"Sikuja kugombana. Naomba lile zege la mlangoni tuliweke hapa mezani. Kisha chukua nyekundu mpya, yoyote, utoboe wewe mwenyewe."

Mzee alicheka, maana aliona ni utoto. Akatoa drili mpya, akabonyeza, ikavuma kwa mbwembwe. Ilipogusa zege ikasimama. Akacheka tena, safari hii kidogo, akatoa nyingine. Ikasimama. Ya tatu ilitoa moshi. Mzee akaitazama ile drili mkononi mwake kana kwamba imemtukana.

Ndipo Gwakisa, aliyeisifu, akasema kwa sauti ya chini, "Yangu nayo ilinifanyia hivyo. Nilidhani ni mkono wangu."

"Hata yangu," akasema mwingine.

"Na yangu," akasema wa tatu, akiangalia viatu vyake.

Mzee Ambilikile akaketi juu ya mfuko wa saruji. "Miaka miwili nauza hizi. Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ungetuona si mafundi," akajibu Gwakisa.

Mnasikia hayo? Wazee walisema mficha uchi hazai, na hawa walificha kwa miaka miwili. Mbao zetu ni za msonobari, laini, kila drili inazipenya. Zege tu ndilo lililojua siri, na kila mmoja aliyeambiwa siri hiyo alikwenda nayo kwake, akafunga mlango.

Sekela akachukua ile ndogo ya rangi ya majivu, akaikaza kwenye bonge. Ikanung'unika, ikaanza kugonga ndani kwa ndani kama kinyundo, vumbi jeupe likamwagika mezani, na biti ikazama mpaka shingoni. Bei ni ileile, wanangu. Ila fedha ya ile nyekundu ilikwenda kwenye sanduku na biti thelathini, ya hii ilikwenda tumboni mwa mashine yenyewe.

Gwakisa alishika kichwa. "Lakini ile ilivuma..."

"Hewani kila drili ni dume, kaka," akasema Sekela.

Mzee alimbadilishia, kisha akaziondoa nyekundu zote rafuni. Ile ndogo ilikuwa na betri moja. Ikiisha, Sekela aliichaji huku akipinda ncha za mapazia. Ijumaa jioni dirisha la ishirini lilifunikwa, na Mama Subilaga akamkabidhi funguo za nyumba ya pili akapime madirisha.

Lile bonge halikurudi mlangoni. Lipo mezani hadi leo, limejaa matundu, na mlango wa duka hujibamiza kila upepo ukija. Akiingia mgeni, akabonyeza drili hewani na kutabasamu, mtu humsogezea zege. Aliyemsogezea mteja wa leo, mkamsikia, ndiye Gwakisa mwenyewe, na hamkumwona akicheka alipomwambia: hewani kila drili ni dume.