Fisi na Hadithi Isiyo na Mwisho

Hadithi, hadithi!
— Njoo, tumekaa!
Migongoni kwenu kuna nani?
— Hakuna mtu!
Haya, msigeuke.

Palikuwa na ukame mbaya. Kisima kilibaki kimoja tu, chini ya jabali, na mlinzi wake alikuwa Mzee Kobe. Kila adhuhuri wanyama walikusanyika kivulini wakasimuliana, na mwenye hadithi tamu kuliko zote ndiye aliyekunywa kwanza. Wa mwisho aliramba tope.

Mama Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa fundi wa kutunga. Alitungia shimoni, kwa sauti, mbele ya wanawe. Lakini kila akifika kisimani, Fisi amemtangulia. Fisi anasimulia hadithi ileile. Fisi anakunywa, gu! gu! gu!, mpaka maji yanageuka uji. Wana wa Sange wakakauka midomo, na yule mdogo hata kulia hawezi.

"Mzee Kobe, ananiibia," Sange akalalamika. "Juu ya shimo langu nyasi zimelala, na harufu yake ipo."

"Mama Sange, harufu si ushahidi," Kobe akasema. "Na hadithi haina alama sikioni kama mbuzi."

Sange akarudi, hasira zimemjaa. Akatunga nyingine, kwa sauti kubwa: "Palikuwa na mgeni. Hana uso, hana jina. Hutembea nyuma ya wanaosikiliza, tu… tu… tu. Wakisema 'karibu', husogea." Hapo akanyamaza. "Mwisho wake kesho, wanangu."

Juu, nyasi zikalia chakacha! Mwizi hakusubiri hiyo kesho.

Sange akawanong'oneza wanawe: "Kesho jificheni nyuma ya jabali. Fisi akimtaja mgeni, pigeni miguu chini."

Adhuhuri ikafika. Jua utosini, hata nyenje kimya. Fisi akatunisha kifua. "Hana uso, hana jina! Hutembea tu… tu… tu. Semeni karibu!"

"Karibu!"

Nyuma yao: tu.

Fisi akacheka kidogo. "Semeni tena!"

"Karibu!"

Tu… tu. Hakuna aliyethubutu kusema tena, lakini vishindo vikaja vyenyewe. Tu… tu… tu.

"Fisi, malizia," Kobe akanong'ona. "Mrudishe mgeni wako."

Fisi akamgeukia Sange. "Mama Sange, dada yangu, mwisho wake ni upi?"

"Nijuaje, Bwana Fisi? Si hadithi yako?"

"Ni yako! Zote ni zako! Nalala juu ya shimo lako nikisikiliza! Mwambie arudi!"

"Mwisho sijautunga."

Fisi akatimua mbio, vumbi juu. Vishindo vikamfuata, tu tu tu tu, mpaka kukawa kimya. Kisimani hakuonekana tena.

Kobe akamwachia Sange kisima. Sange akanywa, akaenda nyuma ya jabali kuwaita wanawe. Hawakuwepo. Akajaza maji kinywani, akakimbia nyumbani, akawakuta wamelala chali shimoni.

"Mama, tusamehe," mkubwa akasema alipokwisha kunyweshwa. "Miguu iligoma. Hatujatoka tangu asubuhi."

Sange akaliziba shimo kwa jiwe kutoka ndani.

Funzo, wanangu: kutunga kunachosha, ibeni tu. Ila mkiiba, subirini mpaka mwisho.

Hadithi yangu naiacha hapa njiani. Atakayeiokota ni yake.
— Hatuitaki!