Fimbo Isiyo na Alama

Bosi Shemdoe alifungwa mchezo wa pool ndani ya ukumbi wake mwenyewe, na mgeni aliyechezea fimbo nyeusi ya mpingo. Akaipokonya fimbo, akaigeuza huku na huku, alama ya fundi hakuiona.

Akawaita maseremala wa mtaa. "Aliyechonga hii atafagia ukumbi wangu mwaka mzima!"

Wote wakafyata mkia, isipokuwa Chausiku, fundi mwanamke pekee. "Niachie mimi na hiyo fimbo, bosi. Atajitaja kwa kinywa chake."

Jumapili Shemdoe alitembelewa na wakwe zake. Chausiku akaingia ukumbini na wenzake, akampelekea baba mkwe ile fimbo.

"Shikamoo, baba. Tazama kazi hii. Aliyeichonga ana akili, ana subira, na mkewe hajui shida."

"Nani huyo?" mzee akauliza.

Chausiku akamtazama Shemdoe kwa heshima zote. Mama mkwe naye akamtazama.

Shemdoe akakohoa, kifua kikamvimba. "Ni mimi, baba."

Maseremala wakapiga makofi. Chausiku akapiga goti, akamkabidhi bosi ufagio mpya. Mpini wake ulikuwa wa mpingo, mweusi, umenyooka sawasawa na ile fimbo, na haukuwa na alama yoyote.